Mashini ya CNC katika atelie ya mbao: kazi ya kufanya mbele ya mzinga wa kwanza

Wafugaji wa nyuki wanatuuliza swali moja tena na tena: kama kooperativa inapata ile mashini ya kukata mbao kwa ordinateri, ile wanaita CNC, itatusaidia kutengeneza mizinga mizuri na mingi? Jibu letu ni ndiyo, lakini si kwa njia ambayo wengi wanafikiri. Mashini hiyo haijui mbao, haijui nyuki. Inajua kurudilia tu. Ukiipa kipimo cha kweli, itakirudilia mara mia tano bila kuchoka. Ukiipa kipimo cha uongo, itakirudilia vilevile mara mia tano, na mbao zote zitaishia jikoni.

Kwa hiyo somo hili si juu ya kuchagua na kununua. Ni juu ya majuma mawili au matatu ya kwanza, toka siku sanduku linafunguliwa katika atelie hadi siku mzinga wa kwanza unafungwa kifuniko. Majuma hayo ndiyo yanaamua kama mali ya wanachama itarudi ao itakaa chini ya tente ikishika vumbi. Hapa Lubumbashi mafundi wanaojua mashini hizi wapo, lakini fundi anarudi kwake. Wanachama ndio wanabaki nayo, na inafaa waelewe kila hatua na sababu yake.

Milimita moja ni kitu kwa nyuki

Tuanze na nyuki mwenyewe, sababu yeye ndiye mteja wa kwanza wa mashini hii. Mwaka 1851, huko Philadelphia, Marekani, mtu mmoja aitwaye Lorenzo Langstroth alielewa kwamba nyuki wanaheshimu nafasi ya milimita 6 hadi 9 hivi kwa kupita. Nafasi ndogo kuliko hiyo wanaiziba kwa gundi yao. Nafasi kubwa kuliko hiyo wanajenga ndani yake masega ya ovyo. Mizinga yote ya fremu inayotumika duniani leo inasimama juu ya nafasi hiyo.

Mzinga wa viunzi, ule uliotokea Kenya katika miaka ya 1960 na 1970, hauna fremu. Una vijiti tu, vimepangwa kimoja pembeni ya kingine juu ya sanduku, na nyuki wanashusha sega moja chini ya kila kiunzi. Kwa nyuki wetu wa Afrika upana wa kiunzi ni milimita 32. Nyuki wa Ulaya ni mkubwa kidogo, yeye anaomba 35. Basi mukichukua plani katika intaneti, angalieni kwanza ilichorwa kwa nyuki gani. Plani nyingi zilichorwa kwa nyuki wa Ulaya ao wa Amerika, na mashini itazikata vizuri sana, kwa nyuki ambao hatuna.

Tufanye hesabu. Mzinga wenye viunzi 30 vya milimita 32 una urefu wa milimita 960 ndani. Sasa kama kila kiunzi kina milimita 33, nyuki hawajui kwamba fundi amekosa. Wanaendelea kujenga kwa kipimo chao, sega baada ya sega kila milimita 32. Wakifika kiunzi cha 15, sega yao imekwisha kuachana na katikati ya kiunzi kwa milimita karibu 15: iko kwenye mpaka wa viunzi viwili. Hapo wanaunganisha viunzi viwili kwa sega moja. Siku ya mavuno unainua kiunzi kimoja, masega mawili yanavunjika, asali inamwagika juu ya watoto wa nyuki, pengine malkia anakufa, na wewe unakimbia. Mama anayepeleka asali sokoni hajui habari ya milimita, lakini ndiyo imemla ndoo nzima.

Watu wetu wanajua mzinga wa gome na mzinga wa gogo. Havina shida ya vipimo hata kidogo, lakini mti unaovuliwa gome pande zote unakufa, na pori la kuzunguka Lubumbashi limekwisha kukatwa sana kwa ajili ya makala. Tukitaka muputu na mutondo ziendelee kuchanua kwa ajili ya nyuki, hatuwezi kuua mti mmoja kwa kila mzinga.

Umeme kwanza, mashini baadaye

Mbele hata sanduku halijafika, chukueni kipimo cha volti, kile kidogo cha mafundi wa umeme, na mupime prizi ya atelie kwa juma moja: asubuhi, saa sita, na saa moja ya jioni. Andikeni kila namba katika daftari. Umeme wa mji wetu ni volti 220 kwa waya mbili, 380 kwa waya tatu za nguvu, lakini kila mtu anayeishi Katuba, Kenya ao Ruashi anajua kwamba jioni taa inakuwa nyekundu. Taa inavumilia. Kisanduku kinachoongoza mota ya kisu, ambacho mafundi wanaita variateri, hakivumilii: volti zikishuka sana kinazima mota katikati ya kazi.

Namba hizo za daftari zitawaambia kama munahitaji regilateri ya volti, na ya nguvu gani. Zitawaambia pia saa gani ya kufanya kazi. Kuna atelie zinazokata saa kumi na mbili ya asubuhi hadi saa nne, kisha wanaunganisha mbao kwa mkono mchana. Hiyo ni akili, si uvivu.

Ulizeni muuzaji mbele ya kulipa: mota ya kisu inakula volti 220 ao 380? Zingine zimetengenezwa kwa soko la Amerika, zinaomba 110. Mota ya kilowati 2.2 kwa volti 220 inavuta ampea 10. Ongeza mota ndogo za kusukuma na hasara zingine, tuhesabu 14. Sasa tazameni waya. Kama atelie iko metre 50 toka kwenye disjonkteri, na waya ni ule mwembamba wa milimita 1.5, volti 16 zinapotea njiani. Kama jirani zako wameshusha umeme hadi 200, mashini inapata 184. Kwa waya wa milimita 4, zinapotea 6 tu. Waya mnene ni bei, lakini unanunuliwa mara moja. Na alonji ya kuviringisha, ile ya kuangazia ndoa, isitumiwe kwa mashini hii hata siku moja: inapata moto ikiwa imeviringwa.

Waya wa udongo nao ni lazima. Chuma kipigwe chini, mahali penye unyevu, na kiunganishwe na mwili wa mashini. Vumbi la mbao likipita kasi katika bomba linazaa umeme mdogo ambao unachanganya ordinateri, na mashini inaruka mahali ambapo hakuna aliyeiambia iende.

Kuna jambo moja hapa ambalo wauzaji hawasemi. Wengi wanashauri kuweka onduleri kwa ajili ya ordinateri, ili umeme ukikatika kazi isipotee. Ni vizuri, lakini angalieni: ikiwa ordinateri na mota za kusukuma ziko kwenye onduleri, na mota ya kisu iko kwenye umeme wa mji, basi umeme ukikatika kisu kinasimama kuzunguka huku mashini inaendelea kukisukuma ndani ya mbao. Kisu kinavunjika, ao daraja linapinda. Fundi wa umeme aweke kontakti ambayo inasimamisha yote pamoja. Mjaribu bila mbao: mashini inatembea hewani, mtu mmoja anashusha disjonkteri kubwa, wote wanatazama kama kila kitu kimesimama.

Kama mutatumia grupu, pimeni wenyewe inakunywa litre ngapi kwa saa moja ya kazi ya kweli. Namba hiyo tutaihitaji mbele kidogo.

Mahali pa kuiweka

Sakafu ya simenti, iliyo sawa, mashini ikae juu yake kwa miguu yote minne bila kuyumba. Mbali na mlango ambapo mvua inaingia. Mahali pa kuzunguka pande zote. Tusikae hapa muda mrefu.

Vumbi ndilo linaomba maneno. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa watu. Kisu kinachozunguka mara 18,000 kwa dakika kinatoa vumbi laini sana, lile lisiloonekana, linalokaa hewani saa nyingi. Kitambaa cha pua hakitoshi. Mashini ya kuvuta vumbi isimame nje ya ukuta, bomba tu liingie, na wanaofanya kazi wavae maski ya kweli. Maranda na vumbi la sapini ni mazuri kwa kutandika chini ya kuku, kisha yanaingia katika mbolea. Lakini vumbi la MDF ao la mbao iliyotiwa dawa lisikaribie kuku wala shamba.

Kuisimamisha sawa

Mashini inakuja imefungwa vipandevipande, na vise zote inafaa kukazwa tena baada ya safari ya barabara toka Dar es Salaam, Zambia, hadi Kasumbalesa. Hata kama imefika ikiwa imeungwa, usiamini. Barabara inalegeza.

Sehemu tatu zinatembea: daraja linakwenda mbele na nyuma, kichwa kinakwenda kushoto na kuume, kisu kinapanda na kushuka. Kazi ya kwanza ni kuona kama daraja liko mraba. Wazee wetu wa ujenzi wanajua njia hii kwa kamba: tatu, nne, tano. Wekeni kisu chenye ncha, muambie mashini itoboe alama nne ndogo juu ya ubao, mstatili wa milimita 600 kwa 800. Kisha pimeni pembe kwa pembe kwa metre ya chuma. Zote mbili inafaa zisome 1,000. Ikiwa moja inasoma 998 na ingine 1,002, daraja limekwenda upande. Legeza upande mmoja, usogeze, kaza, toboa tena. Tumeona jambo hili likimaliza siku nzima. Ni siku nzuri.

Pili, urefu. Ambia mashini itembee milimita 500, pima. Ikiwa imetembea 498, kuna namba ndani ya ordinateri inayosema mota izunguke hatua ngapi kwa milimita moja. Ichukue ile namba, zidisha kwa 500, gawanya kwa 498, andika mpya. Kama ilikuwa 100 inakuwa 100.4. Fanya hivyo kwa njia zote tatu, na uandike namba za zamani katika daftari, ili mtu akizipoteza zipatikane.

Tatu, kisu kisimame wima. Funga kipande cha waya mgumu kwenye mota ya kisu, kama mkono wa saa, urefu wa milimita 100. Zungusha kwa mkono, umeme umezimwa. Ncha ya waya iguse meza mbele, nyuma, kushoto, kuume kwa namna moja; weka karatasi chini yake uone kama inashikwa vilevile pande zote. Nyuma ya hapo tu, weka juu ya meza ubao wa MDF ambao utakubali kuchanjwa, na mashini yenyewe iuparue wote kwa kisu kipana hadi uwe sawa kabisa na mwendo wake. Ukipitisha kucha juu na ukasikia ngazi kati ya mstari na mstari, kisu hakijasimama wima. Rudi nyuma. Ukiparua mbele ya kusimamisha kisu, umefanya kazi mara mbili.

Katika mambo haya yote, fundi mzee wa mbao na kijana wa ordinateri wakae pamoja. Mara nyingi tunasikia maneno ya namna hii:

«Papa, mashini inasema makumi tatu na mbili.»

«Mwana, metre inasema makumi tatu na tatu. Metre njo inasema kweli.»

Mzee ana haki. Namba katika kioo ni mahali ambapo mashini inafikiri iko. Kipimo ndicho kinasema iko wapi. Nunueni kile kipimo cha kuteleza cha mafundi wa garaji, kinachosoma hadi sehemu ya kumi ya milimita. Bei yake ni ndogo sana pembeni ya bei ya mashini.

Mbao inakosa kuliko mashini

Mashini nzuri inakosa sehemu ya kumi ya milimita. Mbao mbichi inakosa karibu milimita nzima. Kiunzi cha sapini cha milimita 32 kilichokatwa Februari, mvua ikinyesha na mbao ina maji 20 kwa mia, kikikauka hadi 10 kwa mia mwezi wa Agosti kinabaki na milimita 31 na kidogo. Eukaliptusi inajikunja zaidi, na inapasuka. Kwa hiyo kazi ya kipimo inaanza katika hangari ya kukaushia: mbao zipangwe juu ya vijiti, upepo upite kati yake, jua la moja kwa moja lisizipige, miezi ya kiangazi. Kama hamuna kipimo cha unyevu, chukueni kipande kimoja, mukipime uzito kila juma juu ya mizani ya mboga. Uzito ukiacha kushuka, mbao imekauka kwa hewa ya hapa.

Mbao gani? Sapini ya mashamba ya miti ya Zambia inafaa, ni nyepesi na inakatika vizuri. Eukaliptusi iliyokauka sana inafaa kwa miguu. MDF haifai kwa mzinga, mvua moja inaivimbisha. Na mukula, tafadhali, hapana. Mti huo umemalizwa katika pori letu kwa ajili ya kupelekwa Uchina. Toka 2019 biashara yake kati ya nchi inafuatwa na mkataba wa CITES, na toka 2022 mkataba huo unafunika pia ndugu zake wa Afrika, na mulombwa ndani yake. Kufanya mzinga wa kuokoa pori kwa mti unaomalizika ni kazi ya kujichekesha.

Kisu, mwendo, na jambo ambalo hesabu inafunua

Kisu cha kuzunguka, ambacho mafundi wanaita frezi, kwa mwanzo kiwe cha milimita 6, chenye makali mawili. Woga wa mwanafunzi ni kukipeleka polepole. Hapo ndipo kinaungua. Kila kali linapopita inafaa lichukue randa ya unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita hivi. Kisu kinazunguka mara 12,000 kwa dakika, makali mawili, mara 0.1: mashini itembee milimita 2,400 kwa dakika. Ukipeleka 400 tu, kali linasugua badala ya kukata, moshi unatoka, makali yanakufa mchana huohuo. Tazameni kinachoanguka chini: maranda madogo ni dalili nzuri, unga mweusi wenye moto ni dalili mbaya.

Kwa kina, mara moja isipite nusu ya unene wa kisu, yaani milimita 3. Ubao wa milimita 22 unaomba mapito 8.

Sasa hesabuni. Kiunzi cha urefu wa 480 na upana wa 32 kina mzunguko wa milimita 1,024. Mara mapito 8, kisu kinatembea karibu metre 8. Kwa mwendo wa 2,400 ni zaidi ya dakika tatu kwa kiunzi kimoja. Viunzi 30 vya mzinga mmoja vinaomba saa moja na nusu na zaidi, umeme ukikaa. Msumeno wa mviringo wenye kizuizi kilichofungwa sawa unapasua kiunzi kimoja kwa muda wa kupumua mara mbili, na unene wa msumeno huo, milimita 3, unachimba pia mfereji wa kubandikia nta.

Basi, wapendwa, musikate viunzi kwa CNC. Hili ndilo jambo tunalotaka mubaki nalo. CNC ikate vipimo. Msumeno ukate viunzi. Muachie mashini kazi ambayo mkono unashindwa kurudilia: mbao za mwisho za mzinga zenye umbo la ndoo, pembe za kushikana vidole za mzinga wa Langstroth, mlango wa nyuki. Na zaidi ya yote, ikate mifano ya kupimia kwa mbao ngumu: kipande chenye mlango wa milimita 32, kiunzi kinapita ao hakipiti, ubao wa umbo la ndoo wa kuchorea, kizuizi cha msumeno. Fundi wa kijiji upande wa Kasenga ao Kipushi, mwenye msumeno wa mkono na randa tu, akipewa mifano hiyo, atatoa viunzi ambavyo vinaingia katika mzinga wa fundi mwingine asiyemjua. Hapo mwanachama anaweza kutoa kiunzi chenye sega na watoto katika mzinga wenye nguvu, akakiweka katika mzinga dhaifu wa jirani yake. Kwa sisi, faida hiyo inashinda mizinga yote ambayo mashini ingekata yenyewe.

Kwa sababu mfano ndio mama wa vyote, pimeni unene wa kisu mbele ya kuukata. Kisu kilichonolewa cha 6 kinaweza kuwa 5.8. Ordinateri ikiamini 6, kipande kinachokatwa kwa nje kinakuwa kikubwa kwa 0.2, na mlango unaokatwa kwa ndani unakuwa mdogo kwa 0.2. Andika 5.8 katika programu, shida inaisha.

Mwanzo wa hesabu: sifuri

Mashini inahitaji kujua sifuri iko wapi. Pigeni vise kwenye ubao wa chini vizuizi viwili vinavyofanya kona, visiondoke tena. Kila ubao usukumwe katika kona hiyo, na sifuri iwe hapo siku zote. Umeme ukikatika, mashini inasahau iko wapi. Ukirudi, inarudishwa nyumbani kwake, kisha kwenye kona, na kazi inaendelea mahali ilipoachia. Bila kona hiyo, ubao ulioanzwa umepotea.

Kwa urefu wa kupanda na kushuka, mbao zetu haziko sawa: mmoja una 20, mwingine 26. Mukiweka sifuri juu ya ubao, kisu hakifiki chini katika mnene, na katika mwembamba kinachimba meza. Kwa kukata kabisa, wekeni sifuri juu ya ubao wa chini. Kwa kuchimba mfereji, wekeni juu ya mbao yenyewe. Kipimo ni karatasi: shusha kisu polepole hadi karatasi ishikwe kidogo.

Kazi ya kwanza ya kila plani mpya ifanywe hewani, kisu kimepandishwa milimita 50, mtu mmoja ameweka kidole karibu na kibonye chekundu cha kusimamisha. Kibonye hicho kijaribiwe kila asubuhi. Hakuna glovu karibu na kisu kinachozunguka, hakuna mikono mirefu, mama afunge kitenge na nywele vizuri. Miwani kwa kila mtu, na kwa mgeni pia.

Nani anaishika, na inalipa namna gani

Bei ya kiwandani Uchina si bei ya Lubumbashi. Kuna safari, kuna forodha ya DGDA, kuna ukaguzi wa OCC, kuna TVA ya 16 kwa mia. Jumlisheni yote mbele ya kupeleka shauri katika mkutano.

Tuweke mfano wa hesabu, si bei ya soko. Mashini ikifika kwa dolari 6,000 na mukakusudia itumike miaka mitano, kila mwaka inakula 1,200 hata ikilala. Ikifanya kazi saa 4 kwa siku, siku 250, ni saa 1,000: dolari 1.20 kwa saa. Ikifanya saa 1 tu kwa siku, ni dolari 4.80 kwa saa. Ongezeni hapo visu, mshahara wa mwenye kuishika, umeme, na mafuta ya grupu kwa namba ile muliyopima. Ndiyo maana kooperativa yenye kuhitaji mizinga 20 kwa mwaka haina sababu ya kuinunua. Iagize mifano toka atelie yenye mashini na ijitengenezee. Yenye kuinunua itafute pia kazi za mji: milango, meza za shule, vibao vya maduka. Msimu wa mizinga ni mfupi.

Kongo inafuata sheria za OHADA toka 2012, na sheria yake juu ya kooperativa inaomba hesabu zilizo wazi. Mashini iandikwe katika daftari ya mali ya wanachama wote. Watu wawili angalau wajifunze kuishika, na mmoja wao awe mtu asiyefikiri kuhama mwaka huu. Kazi ya mwanachama ya kibinafsi ilipiwe kwa saa, kwa bei iliyoandikwa ukutani, hata kwa prezida.

Kalenda

Muputu na wenzake wanachanua mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, na makundi ya nyuki yanatafuta nyumba wakati huo. Rudisheni siku nyuma: mzinga utundikwe mwisho wa Agosti, nta imepakwa katika mfereji wa kila kiunzi. Msumeno ufanye kazi Julai yote. Mifano ikatwe na ipimwe Juni. Mashini isimamishwe Mei, na mbao ziwe zimekwisha kupangwa juu ya vijiti toka kiangazi kilichopita. Atelie inayofungua sanduku Agosti isikimbilie msimu huo. Ikate mifano yake polepole, igawie vijiji, na ianze kupanga mbao za mwaka unaofuata.